Bwawa la Russell Limefunguliwa

Mkwe wangu Russell,

Mkate wa mahindi uko jikoni, ule. Boti usiishushe majini.

Jana nilipokuonyesha tuta la bwawa linavuja, ulicheka mbele ya wageni wako: “Mama, hilo ni jasho tu, hata wewe huwa linakutoka!” Leo asubuhi limevuja maji yenye udongo; tuta linamomonyoka kwa ndani. Jasho langu halina tope. Tuta likikatika, maji yatamfunika jirani yetu Mavis kule bondeni na wajukuu zake. Kwa hiyo nimefungua koki ya chini, maji yaishe.

~~Pole kwa samaki wako.~~ Samaki waokote kwa ndoo.

Usihangaike kuifunga. Usukani wa koki nimeuchukua. Aliyenisaidia kuuzungusha ni mkeo, huku akicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu umwoe.

Mama mkwe