Mama Katika Darasa Langu la Kijerumani

Mama,

Wembe ukichonga penseli. Kati ya sauti zako zote, hiyo ndiyo imebaki. Wengine wameinamia simu zao, wewe uko dawati la nyuma unachonga taratibu, na mimi mbele najifanya sikujui.

Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike. Wiki hii sijalia. Nimecheka, na ndiyo maana naandika.

Ulijiandikisha chuoni ninapofundisha bila kuniambia; nilikuta jina lako kwenye orodha. Ulitaka kuongea na Jonas, mtoto wa kaka asiyejua Kiswahili, akipiga simu Jumapili kutoka Ujerumani, badala ya kumpungia mkono tu. Nyumbani ulinituma maji. Darasani uliniita Madam, kwa heshima zote, mpaka watu wakaficha nyuso kwenye vitabu.

Halafu siku ile ya kujitambulisha. Jina, umri, unakoishi, kazi. Mtihani unataka nusu dakika. Wewe ukasimama kama unatoa ushuhuda kanisani. Ukamshukuru Mungu, ukataja kwenu kando ya ziwa, ukamtaja Baba, ukaanza watoto mmoja mmoja. Nikakukatiza. Ukaacha Kijerumani ukaniambia, "Madam, nusu dakika mtu hanijui bado."

Niliona aibu. Mama, niliona aibu kwa ajili yako.

Sasa sikia. Jepkosgei wa Moiben, yule aliyekuita Shosh kama bibi yake, amefanya mtihani. Amejitambulisha kwa mtindo wako, mpaka ng'ombe wa baba yake wakatajwa kwa majina. Mtahini alicheka akataka kusikia zaidi. Amepita vizuri sana.

Jonas bado anapiga. Anasahihisha matamshi yangu, mimi mwalimu, na anasema wewe ulikuwa unaongea vizuri zaidi kwa sababu hukuwa na haraka.

Baada ya mazishi, Mama Awino na wenzake wa kanisani walinijia, wakitaka niwafundishe. Wao pia wana wajukuu huko wasioweza kuongea nao. Mkurugenzi akakataa: chuo ni cha wanaofanya mtihani, wazee watarudisha wengine nyuma. Kisha akanipa cheo, mkuu wa mitihani, kazi ambayo ingemeza Jumamosi zangu zote. Ungejivunia. Nami nilikitaka, sikufichi. 

Kaa kwa amani, Mama. Jonas sitamwacha, kila Jumapili nitaongea naye, na nitamwacha anicheke.

Ijumaa nilimwandikia mkurugenzi kwamba cheo sikitaki, naomba chumba tu niwafundishe wamama, Jumamosi asubuhi, nje ya madarasa ya mtihani. Niliipeleka barua mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na miwani, nikamsomea. Nilisoma mpaka mwisho. Akasema, chumba hicho hakina mtu Jumamosi, chukua.

Jana nilifika saa tatu kufungua. Wamama saba walikuwa wamesimama mlangoni tangu saa mbili.

Akinyi