Insha ya Nakijwa na Zamu ya Jumanne

Dodoma, Jumatano

Nakijwa,

Mtu akishindwa kulima tuta moja hachomi jembe. Wewe umepata alama mbaya kwenye insha moja ya Kiingereza, basi umemwambia mama yako kwamba siku ya mtihani wa kidato cha nne utaandika namba yako, utalaza kichwa mezani, utangoja kengele. Uvivu huo umeutoa wapi? Kwangu haupo. Na baba yako simtetei kwa mengi, lakini kulala mezani hakulala.

Haya, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unasema mtandao unakatika, na nasikia katika mlima mzima unakatika kwako tu. Karatasi haikatiki. Mwandiko ni wa darasa la nne, utausoma hivyo hivyo. Mko wazima? Goti la mama yako limeacha kuuma? Tangawizi mmeshaipalilia, au mnaningoja mimi?

Huku mimi mzima. Shangazi yako kidonda cha upasuaji kimefunga, anatembea mpaka uani na kurudi. Pacha wake, Kulwa na Doto, wananyonya kama wanashindana. Mji wenyewe ni mkavu na upepo umejaa vumbi. Unaanika nepi nyeupe, unaanua nyekundu. Maji ya bomba yanatoka siku yanayotaka yenyewe, na hakuna mzee wa kumuuliza leo zamu ya nani. Hilo ndilo linanichosha kuliko kulea.

Sasa insha. Ile picha uliyomtumia shangazi yako kwenye simu nimeiona, wino mwekundu umetapakaa kama kuku kachinjwa juu yake. Nikamwambia mkwe wangu, baba wa hao pacha, "Nisomee, kisha nigeuzie kwa Kiswahili neno kwa neno. Usimpambe." Akasema mada ni kwamba maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Nikafurahi. Nikasema hapo Nakijwa kawapata. Kumbe.

Akasoma: "Kwanza kabisa, kijijini kuna hewa safi. Kwa hiyo, ng'ombe hutupa maziwa. Hata hivyo, watu hupendana. Zaidi ya hayo, ingawa kuna mito, kwa upande mwingine kuna matunda."

"Baba Kulwa, hebu rudi pale kwa ng'ombe."

"Kwa hiyo, ng'ombe hutupa maziwa."

"Kwa hiyo ya nini? Ng'ombe wetu siku hizi anakula hewa?"

"Mama, mwalimu aliwapa orodha ya maneno ya kuunganisha, ishirini. Wameambiwa yanaongeza alama."

"Na yeye kayamwaga yote."

"Yote, mama. Moja kalirudia."

Mkwe wangu ana heshima, hacheki mbele yangu. Aliinuka akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa, akakaa huko huko. Shangazi yako alicheka mpaka akashika mshono, nikamfokea naye.

Mwalimu wako hana kosa. Orodha ni nzuri. Wewe ndiye uliyechukua maneno ukayapanga mlangoni kama viatu vya wageni, na ndani hakuna mgeni hata mmoja.

Na usiniambie ni mambo ya Kiingereza, bibi hayajui. Mwaka aliokufa babu yako, wewe ukiwa mgongoni kwangu, jirani yetu wa juu, yule aliyewahi kuwa karani, alijichukulia zamu yetu ya maji. Mkutano ukakaa pale ndiva, ukingoni mwa bwawa, maji ya mfereji yamejaa yanangoja kufunguliwa. Karani akasimama na karatasi yake. "Aidha, ndugu wajumbe. Hivyo basi. Kwa mantiki hiyo, Jumanne ni yangu." Mzee wa mfereji akamuuliza, "Mantiki ipi? Au umeisahau nyumbani?"

Nikasimama mimi, bila karatasi. Nikasema: "Jumanne ni yetu kwa sababu mume wangu hakukosa msaragambo hata mmoja, kazi yetu sote ya kuzibua mfereji huu, na ninyi mlikuwa naye. Ingawa yeye amekufa, mahindi yake bado yako hai. Kwa hiyo maji ya Jumanne yaje kwangu." Nikakaa. Mzee wa mfereji akanirudishia Jumanne yangu. Kwa sababu, ingawa, kwa hiyo. Matatu tu, na kila moja lilibeba mzigo wake mpaka shambani. Ndiyo maana mpaka leo mnamwagilia Jumanne.

Nikuambie na jingine, sijamwambia mtu. Siku shangazi yako alipotoka hospitali mume wake alikuwa kazini, karatasi nikapewa mimi. Kiingereza kitupu. Nesi alinieleza dawa zote vizuri, sina neno naye. Lakini ndani ya bajaji njia nzima niliishika ile karatasi nikiwaza, kama kasahau jambo moja, nitajuaje? Mimi niliyemkalisha karani. Mimi nilitolewa shule nikachunge mbuzi, sikuulizwa. Wewe hujatolewa na mtu. Unataka kujitoa mwenyewe, umekaa, tena kwenye kiti.

Basi mkwe wangu ameinakili insha yako kwenye karatasi, tumeipitia mimi na yeye. Kila neno la kuunganisha nilimuuliza, hili linashika nini na nini? Lisilo na jibu tukalikata. Yamebaki manne, na insha imesimama kwa miguu yake. Akasema, "Mama, na barua za ofisini kwetu nikuletee." Alitaka akuandikie mpya kabisa, nimemkatalia. Chumba cha mtihani hataingia yeye. Karatasi yenye mikato nimeikunja humu, uone kilichokatwa na ujiulize kwa nini.

Unaweza, Nakijwa. Sisemi kukufurahisha, unanijua. Mtoto anayebishana na mimi kuhusu ugali akanishinda hakosi la kusema kwenye karatasi.

Msalimie mama yako, asibebe ndoo kwa goti hilo. Msalimie mjomba wako wa Ndungu, mwambie mchele wake wa mwisho ulikuwa na mawe na sijasahau. Wasalimie wanawake wenzangu wa kwaya, nafasi yangu mstari wa mbele isikaliwe na mtu. Nitarudi pacha wakikaza shingo.

Ni mimi bibi yako, mwenye Jumanne.

Barua hii umeletewa mkononi, usiseme hukuiona. Jumanne ukitoka shule, kabla hujashika jembe, andika insha hiyo upya, mwanzo mpaka mwisho. Panda nayo ndiva, ukamsomee mzee wa mfereji kwa Kiswahili. Bado yupo na masikio yake ni yale yale. Kila utakaposema kwa hiyo, atakuuliza ipi. Mjibu. Ukimaliza kumjibu, fungua maji.