Sauti Zimebaki Nje, na Mama Amesema Tusiguse

Shikamoo Mama Veridiana, kipindi chako nakisikiliza redioni kila Jumamosi na leo sina mwingine wa kumwuliza. Nina miaka ishirini na sita, nafanya kazi hapa Masasi kwenye ofisi ndogo inayotengeneza programu ya simu ya wakulima wa korosho, mtu anabonyeza picha ya mkorosho na sauti inamwambia kwa Chimakonde au Chiyao dawa ya kupulizia aichanganye kiasi gani na lini, maana wazee wengi kusoma ni shida. Bosi wetu, nitamwita Mama Huruma, ana sheria kwamba wiki ya mwisho kabla ya kutoa toleo jipya hakuna kugusa kitu, na sheria hiyo niliisababisha mimi, mwaka jana nilirekebisha kitu kidogo dakika za mwisho bila kumwambia mtu, simu za watu wa Chiungutwa zikagoma wiki nzima, na yule mama akasimama mbele ya wakulima akasema, "Kosa ni la kwangu," jina langu hakulitaja. Tangu siku hiyo namheshimu mpaka mke wangu ananitania.

Sasa jana nimeiingiza programu kwenye simu mpya ya mama yangu mdogo Emilia, nikabonyeza, kimya. Kumbe wakati wa kufungasha mafaili yote pamoja, folda ya sauti imeachwa nje, na ofisini hatukujua kwa sababu simu zetu bado zina sauti za toleo la zamani. Kurekebisha ni mstari mmoja, nywila ninayo, dakika kumi tu. Ila aliyefungasha ni Mama Huruma mwenyewe. Nikigusa nimevunja sheria yake, nikimwambia naona kama namuumbua, nikinyamaza Jumatatu asubuhi programu inakwenda kwa wakulima wa Chiwata hivyo hivyo. Nifanyeje?

*

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukusifu, kugombeza kutafuata. Wengi wangejaribu kwenye simu ya ofisini, wakasikia sauti, wakaenda zao kunywa chai. Wewe umechukua simu isiyoijua kabisa hiyo programu. Hiyo ni kazi ya mtu anayejali. Na huyo mama, jamani, mabosi wa kubeba kosa la mfanyakazi mbele ya watu wako wangapi? Mimi nimeajiriwa miaka thelathini, sijampata hata mmoja.

Haya, tuje kwako. Unasema dakika kumi tu. Na mwaka jana zilikuwa ngapi? Nadhani zilikuwa kumi hizo hizo. Mkono wako utoe kwenye hiyo kompyuta. Hata ungerekebisha kimya kimya ukapatia, ungekuwa umemzunguka mtu aliyekusitiri. Lakini mama alikataza kugusa, kusema hakukataza. Hilo la kumuumbua unajidanganya, unachoogopa ni aibu yako ya mwaka jana. Acha hizo. Mtu aliyebeba kosa lisilo lake, la kwake litamshinda?

Usimtumie ujumbe. Nenda kwake leo na simu ya mama yako mdogo, mwamkie, mpe abonyeze mwenyewe. Halafu mwambie, "Mama, folda ya sauti imebaki nje, pa kurekebisha nimepaona, sijagusa." Uamuzi ni wake. Akisema mrekebishe, andika huku yeye anaangalia, mfungashe upya, mjaribu kwenye simu tatu ambazo hazijawahi kuwa na hiyo programu. Akisema siku isogezwe, usibishe.

Ila usichelewe. Jumatatu kuna bibi Chiwata atakuwa na bomba la dawa mgongoni, atabonyeza hiyo picha na kusubiri kuambiwa kipimo. Asiposikia kitu atakisia, na mikorosho hiyo ndiyo inayomlisha mwaka mzima. Zima redio, uende.