Chumba Nyuma ya Duka la Mrisho

Iringa,
Agosti 1956

Kwa kaka yangu mpendwa Asukile,

Salamu zangu zikufikie huko Kitwe, zikukute mzima pamoja na wenzako mnaoshuka mgodini. Vipi kile kifua? Uliandika kwamba vumbi linakusumbua, nami sijaacha kukuwaza. Sisi hapa hatujambo. Mume wangu Edmund bado anaendesha lori la mahindi, watoto wanakua, ila baridi ya mwaka huu imetuonea. Mama kule Mbeya anakusalimu sana. Baba naye ni mzima. Najua hujamuulizia tangu uondoke, lakini barua hii ni ya habari zake, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Mwezi wa Machi Edmund alimkuta Baba amelala kando ya barabara pale Chimala, hana viatu, anamwita Mama aliyekuwa mbali nyumbani. Akampakia kwenye lori akamleta kwangu. Nilimpeleka hospitali ya misheni, Tosamaganga, wakamtunza vizuri mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Siku ya kutoka, mhudumu mmoja aitwaye Silvester aliniambia kwamba mjini wapo watu walioshindwa na pombe, hukutana kila Jumamosi mchana nyuma ya duka la Mrisho, fundi cherehani. Nikauliza kama wanapewa dawa. Akasema hapana, wanakaa na kuzungumza. Nilivunjika moyo, Kaka. Baba amezungumza maisha yake yote.

Tulikwenda hivyo hivyo. Baba akagoma mlangoni, akasema hakuja Iringa kusimangwa na watu wa pwani. Mrisho mwenyewe akatoka, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, akamwamkia shikamoo. Hakumhubiria. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtoto wa shehe, na kwa miaka mingi alikuwa akinywa amejifungia chooni ili mkewe asimwone. Baba akamtazama sana, kisha akavua kofia akaingia. Nami niliruhusiwa kukaa pembeni.

Sijui nikuelezeje nilichokiona. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili na birika la chai ya tangawizi. Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku alikaa benchi moja na mpagazi wa sokoni, magoti yanagusana. Wewe unajua Wazungu wanavyokaa mbali nasi. Huyo Mgiriki alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba yeye ni mlevi, na kwamba leo hajanywa. Machozi yakamtoka. Hakuna aliyecheka wala aliyemkatiza. Nimekwenda kanisani tangu utoto, lakini sikuwa nimeona watu wakinyamaza namna ile kwa ajili ya mtu mmoja. Aliyoyaeleza baadaye siyaandiki, maana yanayosemwa mle hayatoki nje. Haya ya Baba nayaandika kwa kuwa yeye mwenyewe amenituma.

Jumamosi nyingi alikaa kimya. Mwezi wa Mei alitoroka akaenda kilabuni. Mrisho alifunga duka, akamfuata, akakaa nje ya kilabu juu ya gogo mpaka Baba alipotoka, akamshika mkono akamrudisha kwangu. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Nadhani hilo ndilo lililomvunja Baba.

Mwanzoni mwa Julai alisimama. Nilidhani ataomba maji. Akasema: "Mimi ni Jailos. Maksai wa Fanueli, mzee wa kijijini kwetu, hakuibwa na mwanangu. Nilimuuza mimi, nikanywa. Mwanangu alikana, akachapwa viboko barazani, na mimi nilikuwepo, namtazama."

Miaka yote hii nilijua huwezi kuiba, lakini hilo halikunijia akilini kabisa. Mrisho alimuuliza tu mliko wewe na Mzee Fanueli. Baba akajibu kwamba wewe uko mbali, Fanueli yuko Mbeya. Akasema ataanza na aliye karibu.

Nilimsindikiza hadi Mbeya. Alisimama katika baraza ileile ya chifu, pale ulipolazwa chini ukachapwa, akayarudia yote mbele ya watu, akiwa mkavu bila tone la pombe. Watu waliinamisha vichwa. Chifu ametamka kwamba huna hatia, na mtamba wetu amekwenda kwa Fanueli kuwa fidia. Mzee huyo aliomba nikuandikie kwamba anajuta kukushitaki. Mama hakusema na Baba siku nzima. Kesho yake asubuhi alimchemshia maji ya kuoga, akayaweka, akaenda shambani.

Baba amebaki Mbeya. Nyumbani kwake sasa wanakutana yeye na jirani mmoja, wawili tu, kama walivyofanya kule kwa Mrisho. Nilimuuliza nikuandikie nini. Nilidhani ataniambia nikuombe msamaha kwa niaba yake, au nikusihi urudi. Akasema: "Usimwombe kitu. Mwambie kwamba siku ile alisema kweli."

Nimemaliza, Kaka. Watoto wanakusalimu, na Edmund anasema ukipata nafasi utuandikie hali ya kifua chako. Mungu akulinde huko chini.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Tusajigwe