Oili Haina Geji

Mountain View, Nairobi
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Ochola,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Mercyline na watoto. Peres, binti ya shangazi, aliniambia kwamba mgongo ulikusumbua sana msimu wa mvua, na kwamba siku hizi unatengeneza mashine za kukoboa mpunga hapo Ahero. Alisema wenye mashine wanakuita Daktari. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa najua furaha yangu haikuongezei kitu. Mgongo umepoa? Huku sisi ni wazima wa mwili. Baridi ya Juni imeingia na watu wa Kangemi wamerudi kuvaa makoti mchana.

Nimekupigia simu mara thelathini na moja tangu Novemba. Sikulaumu kwa kutopokea. Ndiyo maana nimemwomba Peres akukabidhi barua hii mkononi, naye ameapa hataondoka kwako mpaka aone umeifungua. Unamjua Peres. Atakaa, na atataka chai.

Najua utataka kwanza habari za kaka yetu Shem. Alifanyiwa upasuaji wa tatu mwezi Machi. Mkono wa kushoto sasa unafunguka wote. Wa kulia, kidole gumba kinasogea na vidole viwili vinakifuata kwa shida. Kila siku anakwenda dukani kwake River Road, anakaa kwenye kiti cha wateja, na Anita, yule msichana ambaye Shem alimfundisha kushona, ndiye anayekata vitambaa. Anita akikosea mstari, Shem hunyoosha mkono kuchukua mkasi, halafu hurudisha mkono mfukoni. Mkewe Lornah humtania kwamba sasa amekuwa bosi kamili, mtu wa kunyoosha kidole tu, tena kidole chenyewe kimoja. Shem hucheka. Lornah mwenyewe hacheki.

Jumanne nilipita Kabiria. Njuguna, mwenye kiwanja, amekodisha uwanja wa gereji yako kwa mtu wa kuosha magari, na lile shimo lako la kuingia chini ya gari limejazwa kokoto. Nilikunywa chai kwa Nyokabi, pale mkabala. Alinikaribisha kwa kuniuliza, "Leo umekuja kuandika nani, mtu wa gazeti?" Alisema mafundi wa pale bado wanaita sehemu ile Kwa Jiko, kwa lile jina walilokupa baada ya moto. Nilimuuliza kama ni kweli Njuguna alikufukuza. Alijibu kwamba Njuguna hakufukuza mtu. Alikuja tu asubuhi moja akasema hawezi kukaa na fundi ambaye ndugu zake wa tumbo moja wamemkataa, na wewe ukaanza kukusanya spana zako. Aliponiambia hayo alikuwa akinitazama machoni, na nikalipia chai kabla sijaimaliza.

Sasa nataka kurudia mambo yalivyotokea. Unayajua, lakini kila mara nilipoyasimulia niliyapanga nilivyotaka mimi. Nitaanza na yaliyokuwa kwenye ile ripoti ya kurasa mbili niliyoisomea familia, kwa sababu kila sentensi iliyokuwa mle ni ya kweli.

Mwezi Septemba gari langu la tabo, ile feni ya kuipulizia injini hewa, lilianza kuchanganya maji na oili. Ulilifungua, ukakuta kipoza oili kimetoboka ndani, kile kipande cha chuma kinachokaa chini ya filta na ambacho maji ya rejeta hupita ndani yake yakiondoa joto la oili. Kipya kingechukua siku tisa kufika. Mafundi wa Kabiria mna neno lenu kwa dharura kama hiyo: kuruka. Basi ulikiruka. Ulikitoa, ukafunga filta moja kwa moja kwenye injini, ukaunganisha mipira miwili ya maji kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili. Gari likawaka na nikaondoka nalo siku hiyo hiyo.

Ijumaa tarehe 18 Oktoba Shem aliliazima. Lake lilikuwa halina breki, na sanduku la tenda ya sare za shule kule Narok lilikuwa lifungwe saa tano kamili. Aliondoka kwangu saa mbili na nusu. Foleni ya Waiyaki Way ilimla dakika arobaini. Alipomaliza kuteremka Mai Mahiu akakuta ile barabara iliyonyooka, akaangalia saa, akakanyaga. Aliniambia baadaye kwamba alikwenda mia na arobaini, wakati mwingine mia na hamsini, kwa karibu nusu saa, na sindano ya joto ilikuwa katikati muda wote kama gari limeegeshwa. Kabla ya Ntulele alisikia mlio kama wa nyundo chini ya miguu yake. Injini ilitoboka ubavuni, oili ikamwagikia tabo iliyokuwa nyekundu kwa joto, moto ukalipuka. Shem alitoka salama. Kisha akakumbuka sampuli tatu za sare zilizokuwa kiti cha mbele, akarudi kuzitoa.

Mtaalamu niliyemlipa alikagua injini na kunieleza kwa lugha rahisi. Tabo inazungushwa na moshi wa injini, na oili hiyo hiyo inayolainisha vyuma ndiyo inayopita ndani yake kubeba joto. Gari likienda taratibu, oili hupata nafasi ya kupoa. Likisukumwa kwa kasi kwa muda mrefu, oili huiva mfululizo, na bila kipoza haina pa kuliacha joto lake. Huwa nyepesi kama maji, haishiki tena kati ya chuma na chuma, na bearing za krenki, zinazoshika mhimili wa injini, husagika. Aliniandikia hayo kwa sentensi nne, akaambatanisha picha ya kile kipande chako cha shaba. Picha ile niliipitisha mkono kwa mkono.

Unakikumbuka kikao. Sebule ya Shem kule Jamhuri, Jumamosi ya pili ya Novemba, yeye mwenyewe akiwa bado hospitalini, mjomba kwenye kiti chake, Mama kando ya Lornah. Nilisoma ripoti nikiwa nimesimama, kama ninavyosoma habari za mahakama ofisini. Mjomba aliuliza kama fundi alisema lolote alipolirudisha gari. Nilijibu kwamba uliniambia mjini haina neno. Ulisimama ukasema ulinionya na ulibandika tepu kwenye dashibodi. Mjomba, ambaye sikio lake la kushoto limekufa, alinigeukia akaniuliza kama niliona karatasi yoyote kwenye dashibodi ile. Nilisema sikuona karatasi yoyote.

Ulinitazama. Ulikuwa unangoja nimalize sentensi. Sentensi ilikuwa imeisha.

Kisha mjomba akasema mtu akikosea hukosea, lakini mtu wa kuchoma kaka yake halafu akamsingizia kaka mwingine huyo ni wa namna nyingine. Mama akafunika uso kwa leso. Lornah alikwambia utoke nyumbani kwake, nawe ukatoka, na mimi nikakunja karatasi zangu mbili nikazirudisha kwenye bahasha.

Hayo yote ni kweli, Ochola. Nimeandika habari kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuombwa kusahihisha neno. Haya hapa ndiyo yaliyoachwa nje.

Siku uliponikabidhi gari ulinieleza mara mbili. Mjini haina neno, ulisema, kwa sababu kutoka Mountain View hadi ofisini gari linatambaa tu. Lakini nisilitoe barabara kuu hata siku moja mpaka kipoza kifike. Nilikuuliza kwani sindano ya joto haitanionyesha. Ukacheka ukasema, "Hiyo ni ya maji, omera, ndugu yangu. Maji ndio iko na geji, oili haina. Itaiva huko chini na dashibodi inakuchekea tu." Kikaoni nilinukuu nusu ya kwanza ya sentensi yako na kuweka nukta mahali ulipoweka koma.

Na tepu ilikuwapo. Ilikuwa ile tepu ya rangi ya maziwa wanayotumia mafundi wa rangi, nawe uliandika kwa kalamu nene nyeusi: OILI HAINA KIPOZA. MWISHO 80. Uliibandika juu ya geji ya mwendo ili macho yasiweze kuikwepa. Nilikaa nayo siku kumi na mbili. Ulinipigia simu mara mbili kuniambia kipoza kimefika na kiko kwenye rafu yako, nikakujibu wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena.

Siku ya kumi na tatu nilikuwa nimeegesha Kenyatta Avenue nikimsubiri Jackie, mhariri wetu mpya, niliyejitolea kumpeleka nyumbani. Nilimwona anavuka barabara. Nikaitazama tepu, nikaona aibu kwamba mwandishi wa cheo changu anaendesha gari lililoandikwa kama kreti ya mayai. Niliibandua. Ilitoka kwa mvuto mmoja. Niliifinyanga ikawa kama punje ya hindi, nikaidondosha dirishani kabla hajafungua mlango. Njiani alisifu gari.

Ningependa kukuandikia kwamba baada ya hapo nilisahau. Asubuhi ile Shem alipokuja nilimpa funguo nikamwambia jambo moja tu, kwamba tangi liko nusu. Alipokuwa anarudi kinyumenyume getini nilikumbuka. Nilikuwa na simu mkononi. Niliwaza kwamba Shem si mtu wa mbio, kwamba nikimsimamisha itabidi nieleze kwa nini sijalileta gari kwako wiki tatu, na kwamba nilikuwa na habari ya kumaliza kabla ya saa nne. Nikaingia ndani nikaandika.

Kikaoni mjomba aliponiuliza juu ya karatasi, nilijua alikuwa amekosa kusikia. Angeuliza juu ya tepu, sijui ningesema nini. Kwa miezi saba nimejiambia kwamba sikusema uongo, na kwa maana ya kamusi nilikuwa sahihi. Hila hiyo ya maneno nimewaona mawakili wakiifanya kila wiki mahakamani Milimani, na nilikuwa nikiwadharau kwa hilo.

Alhamisi, siku mbili baada ya chai ya Nyokabi, nilikwenda Jamhuri nikamwambia Shem yote, Lornah akiwapo. Shem aliniuliza swali moja: kwa nini niliibandua. Nilimwambia ukweli juu ya Jackie. Akauliza kama angalau huyo mhariri alinipandisha cheo. Nikasema hapana. Akasema, "Basi hata wewe ulipata hasara." Alitaka kutabasamu na tabasamu halikufika. Lornah alisema miezi saba amekuwa akilitaja jina lako kwenye maombi yake, na si kwa kukubariki, na sasa hajui amwendee Mungu kwa uso gani. Alisema nisirudi nyumbani kwake mpaka yeye aniite. Hajaniita.

Mjomba nimempelekea ripoti mpya. Ni ukurasa mmoja. Ataisoma mbele ya watu wale wale, na nimemwomba mtu amkalie upande wa sikio zima. Njuguna nilimfuata kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema pole, lakini mtu wa kuosha magari ana mkataba wa miaka miwili. Mafundi wa pale niliwakuta wanane nikawaambia kwa sauti. Mmoja akasema, "Kumbe Jiko ni wewe." Wengine wakacheka. Naona jina hilo litanifuata mimi sasa, na lina haki.

Siwezi kukurudishia uwanja wa Kabiria, wala wateja, wala Novemba. Sikuombi urudi Nairobi. Sikuombi pia unijibu.

Mama nilimpigia simu jana. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akauliza kama nimekuomba msamaha. Nilimwambia nitakuandikia barua leo. Akasema barua haina magoti, akakata simu. Kwa hiyo Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Ahero. Nitafika saa tisa hivi na kukuulizia kwenye mashine ya mpunga, mbele ya hao wanaokuita Daktari, kwa sababu mimi nilikushtaki mbele ya watu. Ukiwaambia wanifukuze, nitakwenda. Lakini nitakuwa nimefika.

Nisalimie Mercyline, na uwaambie watoto kwamba baba yao alisema kweli tangu siku ya kwanza, maana najua walisikia mengine. Peres akimaliza chai mpe namba ya gari la kurudi, asije akapitwa.

Ni mimi kaka yako,
Obuya