Kwa Kaka Nzioka, Kuhusu Zile Risasi za Chuma

Kaka Nzioka,

Kukuuliza hali siwezi. Hali yako naijua, sepetu ya kukuzika niliishika mwenyewe. Yangu ndiyo huijui, na ndiyo mbaya. Nimekaa hapa sokoni Kathonzweni kwa benchi la fundi wa viatu, ng'ambo ya duka lako, kwa sababu ndani ya duka lako siku hizi sikaribishwi. Ninaangalia barabara. Mwanao Kioko alienda Mutha jana kununua mbuzi, na pikapu ile ile yako, na bastola ile ile yako kiunoni, na sasa jua limepita kichwa hajarudi. Kalamu imeniponyoka mara mbili mpaka fundi ameniuliza kama nina malaria. Nimemwambia mkono huu ulishika bunduki zenye urefu wa nguzo ya simu, hauwezi kushindwa na kalamu. Hakucheka. Watu hawanicheki tena, kaka.

Zamani ulikuwepo. Nikisimulia jinsi nilivyomwangusha chui kule Kibwezi nikiwa nimefumba macho kwa sababu ya vumbi, wewe ulikuwa unatikisa kichwa polepole, mzee mzima, mshiriki wa kanisa, unasema, "Ndivyo, mimi nilikuwepo." Na wote walinyamaza, maana Nzioka hasemi uwongo. Ni wewe peke yako uliyejua kwamba yule chui alikuwa fisi, na fisi mwenyewe tulimkuta ameshakufa. Ulinibebea siri hiyo kama mtu anavyombebea mdogo wake kiatu kilichokatika, bila maneno.

Sasa nikwambie yaliyotokea nyuma yako.

Walipokukuta umeuawa pale kwa mchanga wa mto, majambazi waliokuvamia ukitoka Mutha wameshaenda na mbuzi wote, polisi walisema bastola ilikuwa mkononi na haikulia hata mara moja. Basi. Neno hilo halikuhitaji gari. Lilifika mjini Wote kabla ya mwili wako. Wengine wakasema Nzioka aliganda kwa woga, mkono ukakataa. Wengine wakasema ni kupenda vya rahisi, kwamba uliacha risasi za shaba ukachukua zile za bei ya chini zenye ganda la chuma, za rangi kama nyasi iliyooza. Kuna mpuuzi mmoja wa mnadani, jina lake halifai kwa barua ya marehemu, akasema mbele za watu, "Alinunua ganda la chuma, akaletwa kwa ganda la mbao." Nilimrukia. Walitushika watu wanne, watano, hata sita, mimi peke yangu nikiwa nimewashinda.

Lakini unanijua. Pakitajwa bunduki siwezi kupita kama kiziwi. Nikajikuta nami nawaeleza. Nikasema shaba ni laini, baruti ikiwaka ganda linavimba, halafu linarudi, linatoka kwa adabu. Chuma kikivimba hakirudi upesi, kinang'ang'ania ndani ya mtutu. Nikasema chuma juu ya chuma ni kama wake wenza jikoni, lazima wagusane viwiko. Wakanisikiliza mpaka chai ikapoa. Kumbe ninawapa kuni za kukuchoma nazo.

Bastola ilikaa kituoni muda mrefu. Kioko alizunguka na karatasi za laisensi mpaka soli ikaisha, na mwishowe wakampa. Akaja kwangu Mbumbuni nikiwa ninachoma matofali. Akaniambia, "Baba mdogo, risasi za baba zilibaki. Zingine ziko kwa kibuyu darini, zingine ni pakiti ambayo hakuifungua. Za shaba mpaka Nairobi, na Mutha ninaenda wiki hii. Hizi zinafaa au hazifai?"

Kaka, mtoto wako aliniuliza mimi. Angemwuliza mtu mwingine ningeumia, na aliponiuliza mimi nikaumia zaidi. Usiku huo nilikuwa nasikia ile "tk" ya chuma kisicholia, na sijawahi kuisikia popote. Asubuhi nikamwambia hapana, mambo haya hatubahatishi, twende kwa sajini. Sajini wa kituo ni mtu wa maana. Akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akatupeleka pale wanapopigia shabaha, chini ya kilima, akamkabidhi Kioko bastola. Mimi nikasimama nyuma nikiwa nimekunja mikono kama meja.

Tulianza na ile pakiti iliyofungwa. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Nikaanza kupumua. Mahali fulani katikati ganda moja likakataa kutoka, likang'ang'ania vile vile nilivyosema sokoni, mpaka sajini akalisukuma na kijiti. Nyingine zote tulizopiga zikaruka vizuri, na nusu ya pakiti tukaiacha. Zinachafua mtutu, zina moshi, zinanuka kama betri ya lori, lakini zinalia. Sajini akasema, "Chuma hiki ni punda. Hapendezi, mara moja moja anagoma, lakini mzigo anafikisha."

Halafu Kioko akaweka zile za kibuyu. Ni ndugu wa zile za pakiti, kaka, zilinunuliwa duka moja, siku moja.

Tk.

Sajini akasema kwa sauti kali, "Usigeuke! Elekeza kilimani, subiri, inaweza kuchelewa kulia." Tukasubiri. Jasho lilinishuka mpaka kwa kiatu. Hakuna. Akaitoa, akaweka nyingine. Tk. Tukasubiri tena. Nyingine. Tk. Kulikuwa na ndege anaimba pale kwenye mgunga, nikatamani nimwambie anyamaze.

Sajini akachukua koleo, akaifungua moja taratibu juu ya kiganja. Baruti ilitakiwa imwagike kama mtama. Hii ilitoka donge, kama ugoro uliomwagikiwa mafuta. Akainusa. Akamnusisha Kioko. Akauliza, "Nani amezipika hizi?"

Sikuhitaji kunusa. Mafuta ya mbarika.

Unakumbuka podo la baba juu ya jiko? Mishale ikikaa kwa moshi ili wadudu wasiile, na mama akiipaka mbarika ili mti usipasuke na chuma kisishike kutu. Na wewe uliniambia mwenyewe, tena ukijisifu, wewe ambaye hukujua kujisifu: "Munyao, zangu hazitashika kutu. Nimemwambia Mama Kioko azitunze kama mishale ya baba." Nikacheka, nikasema vizuri. Nilifikiri ni utani. Lakini Mama Kioko hafanyi kitu nusu. Kila ukirudi safari alikuwa anazishusha, anazipaka moja moja kwa kidole, anazirudisha kwa kibuyu juu ya moto. Mafuta yakapata joto, yakatambaa, yakaingia kwa kitako cha risasi pale pasipoonekana, yakaenda kulala na baruti. Chuma hakikukuangusha, kaka. Hata shaba ingelala hivyo hivyo.

Na jambo lingine, hili ndilo nilitaka ulijue kabla ya yote. Sajini alitoa mfukoni risasi moja. Ndiyo ile waliyoikuta ndani ya bastola yako siku ile. Akatuonyesha kitako chake: kimebonyezwa, pini imepiga katikati kabisa. Akasema, "Huyu mzee alivuta. Mwambieni kila mtu, alivuta." Nilikaa chini kwa mawe. Umeja wangu wote ulikaa chini.

Ni hapo Kioko alipogeuka akaniangalia. Macho yale ni yako. Akasema polepole, "Baba mdogo. Ni mama."

Sasa wewe niambie ningefanya nini. Ningemwacha arudi nyumbani na neno hilo mdomoni? Yule mwanamke amekonda mpaka leso inamzunguka mara mbili. Anakwenda kanisani, anakaa kiti cha nyuma, hasimami kuimba. Kama tungeficha kabisa, angeendelea kupaka, na hizi za pakiti za Kioko zingelala kama zako. Kama tungesema ni chuma cha bei rahisi, jina lako lingebaki pale mnadani, linakanyagwa na mbuzi. Na kama tungesema kweli yenyewe, yule asingemaliza mwaka.

Sikufikiri, kaka. Uwongo wangu haujawahi kungoja nifikiri. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Siyo mama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako risasi zipakwe mbarika. Alikataa. Alisema risasi si mshale. Nikamwapia kwamba nimeshika bunduki kabla yeye hajashika jembe, nikamshinda kwa maneno, akaenda akamwambia mama yako. Yeye alitii tu."

Na Kioko akaamini. Hapo ndipo paliponichoma. Hata hakuuliza mara mbili. Maana inafanana na mimi, si ndiyo? Hicho ndicho kitu Munyao angesema. Akafunga bastola kwenye ala, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mdomo wako umemwua baba yangu." Sajini akanigusa bega, akasema, "Mzee, nyamaza sasa." Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikanyamaza.

Alipofika nyumbani akawaambia wote. Wazee waliniita, wakaniuliza, nikakubali. Sasa kila mtu anajua Nzioka hakuwa mwoga, alivuta. Anajua Nzioka hakuuawa na choyo, kwa sababu zile zilizofungwa zililia zote. Anajua ni mdogo wake mwenye mdomo. Yule mpuuzi wa mnadani ananipita akitema mate, na mimi namwacha, ingawa ningeweza kumtupa mpaka Makindu. Mbarika na kibuyu viliondolewa darini. Risasi za pakiti sasa hukaa dukani ndani ya mkebe mkavu wa majani ya chai, ufunguo anao Kioko. Hilo lilifanikiwa, kaka. Hilo ndilo nililotaka.

Lakini sina amani. Kioko ameondoka na zile zile za chuma, za pakiti, maana Nairobi hakupata nafasi ya kwenda. Najua zinalia. Niliziona. Lakini kuna ile moja iliyong'ang'ania. Naiona usiku na mchana. Kama itakuwa ya kwanza? Kama itakuwa ya pili, na majambazi ni watatu? Nilimtumia neno kupitia kwa fundi kwamba abebe kijiti kile cha kusukumia, hata cha mkuyu. Sijui kama alikibeba. Sijui kama neno lililotoka kwangu anaweza kulibeba tena.

Na kuna lingine. Jana nilikumbuka kwamba mwezi ule uliponunua zile risasi sikuwa Kathonzweni hata siku moja. Nilikuwa Mbumbuni, tanuri lilikuwa limeporomoka, nililala nalo kama mgonjwa. Mama Kioko anajua. Ni yeye aliyenitumia unga. Tangu jana nimekuwa nikimwangalia kupitia mlango wa duka na kujiuliza kama amekumbuka.

Nimeacha kuandika kidogo hapa. Sasa naendelea.

Amevuka barabara. Kaka, amekuja mwenyewe, mbele ya soko zima, akasimama pale fundi anapoweka viraka. Fundi akajifanya anatafuta sindano. Mama Kioko akaniuliza, "Shemeji, mbarika inaharibu risasi kweli?"

Nikasema, "Inaharibu."

"Hata ikiwa kidogo?"

Nikasema, "Hata kidogo. Nilikosea kumwambia marehemu."

Alikunjua kiganja. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Halafu akasema, "Wewe ni mwongo tangu siku nilipoolewa hapa. Mwezi ule ulikuwa Mbumbuni, na unga ulikula wangu."

Nilifunika barua hii kwa mkono. Akafuta uso na leso, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata fundi hakuipata, "Wakiniuliza, nitasema ni wewe. Nisamehe. Nitasema ni wewe."

Nikamwambia sema, shemeji. Sema kwa nguvu.

Hakurudi dukani. Amekaa hapa mwisho wa benchi, hatuongei, tunaangalia barabara wote wawili. Ameniuliza ninaandika nini nikamwambia hesabu ya matofali.

Basi lala, kaka. Lala kama mtu aliyefanya sehemu yake, maana ulivuta, na kitako cha risasi kimeandikwa hivyo kwa chuma. Nakuahidi hili moja, na sitaliongezea chumvi: neno hili sitalitoa kwa Kioko, wala kwa mchungaji, wala siku nitakayolala mimi. Chui wangu namwachilia; ukiona vema, waambie huko kwamba alikuwa fisi. Hili litabaki.

Kuna vumbi upande wa mto. Mama Kioko amesimama. Sijui kama ni Kioko. Akiwa ni yeye, na akinipita bila kunisalimia, nitajua amerudi mzima, na uwongo wangu ni mzima pia.

Mdogo wako,
Munyao