Suruali ya Mokua na Kazi Yako ya Semina

Manga,
S.L.P. 61,
Nyamira.
10 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Omwenga,

Nakusalimu kutoka huku mlimani. Joto la Mombasa linakuendeaje? Unalala? Unakula chakula cha kupikwa ama bado ni kile cha kufungwa kwenye karatasi? Mimi mguu wa kushoto umevimba, lakini mdomo ni mzima, kama utakavyoona. Mvua imenyesha vizuri, chai imechipuka, na ng'ombe amezaa ndama dume, hasara tupu.

Sasa salamu zimeisha.

Naandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la nne, kwa hivyo dada yako Nyanchoka ameketi hapa kunirekebisha, lakini nimemkataza kulainisha. Kwenye simu huwa unanishinda. Nikianza tu, unaniita mrembo wako, unaniuliza kama nimemeza dawa, na kabla sijajua umeshakata. Karatasi hutaikatiza.

Ulipoacha kazi ya benki ukasema unataka kujiajiri, kufundisha wafanyakazi wa makampuni, ni mimi niliyekutetea. Watu waliuliza huyo anafundisha nini watu ambao tayari wameandikwa kazi. Nikasema unawafundisha kuongea vizuri na wateja na kufanya kazi pamoja bila kupigana. Walicheka, nikawatukana. Kampuni ya kwanza ilipokuita nilisimama kanisani nikatoa shukrani, na nikajivuna mpaka wanawake wa kwaya wakanichoka.

Ulipokuja Aprili ulikaa jikoni kwangu, ukala ndizi zangu, ukanieleza jinsi hiyo kazi ilivyo ngumu. Kwamba hakuna mshahara, unabisha ofisi baada ya ofisi, na siku nyingine unafundisha bure ili wakujue. Kwamba watu husahau somo lakini stori hawasahau, na mkufunzi asiye na stori ya kuchekesha haitwi tena. Nilikuhurumia. Sikujua stori umeshaipata, na kwamba wakati ule ilikuwa imeketi hapo mlangoni inakunywa chai.

Sasa nikueleze Jumapili ya wageni, maana hukuwepo. Watu wa Ogembo walikuja kumposa Nyangate, binti ya baba yako mdogo Mokua. Mokua alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani, akakaa kwenye kiti cha baba. Chakula kilikuwa kimeanza kuliwa. Kijana wao mmoja, Ongeri, ndugu ya anayeoa, akainua macho ukutani akaona picha yako ya kuhitimu, wewe na Mokua mmeshikana mabega.

"Huyu si yule mwalimu wetu wa semina kule Kisii?" akauliza.

Nyangate, kwa kujivuna, akajibu kwamba ndiye, na kwamba Mokua ndiye aliyekulea tangu baba yako Nyangau alipokufa. Ongeri akamtazama Mokua usoni. Kisha akamtazama suruali. Kicheko kikamtoka puani pamoja na mchuzi. Akamnong'oneza shangazi yake, na yule mama akaficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika.

Sisi wengine hatukujua kinachochekwa. Mokua aliona yale macho yametua wapi. Akasema anaenda kuangalia ndama. Wageni wakangoja, wakala, wakangoja tena, wakaaga bila kuzungumza na baba wa msichana. Nilimkuta kwenye shamba la chai, amechutama kati ya mistari akiwa na koti lake zuri, amelowa mvua chapachapa.

Ndipo Nyanchoka akapekua simu akaipata ile video uliyoweka mwenyewe mtandaoni ili makampuni yakuone. Nimeitazama.

Unaringa pale mbele na viatu vinang'aa. Unasema kijijini kwenu mzee aliyekulea aliishi bila malengo, mpaka siku moja akaokotwa mtaroni, mlevi, suruali hana. Unamwigiza. Unapinda mgongo, unajishika mbele kwa mikono, unayumba, na watu wazima wenye tai wanapiga meza kwa kucheka. Halafu unawauliza, "Na wewe, suruali yako iko wapi?" nao wanakupigia makofi.

Hukuwaambia kwamba mke wa Mokua, Nyakerario, alikuwa amezikwa juzi tu. Hukuwaambia kwamba hajaonja pombe tena tangu siku hiyo, na leo ni shemasi. Mgongo unaoupinda ukichekesha watu ulipindwa na kikapu cha chai, na chai hiyo ndiyo iliyokupeleka shule. Wewe ndiye mtoto uliyemkuta pale mtaroni ukamfunika na sweta yako, ukaja kwangu unatetemeka. Nilikwambia nini siku hiyo? Nilikwambia huyo ni baba, na mtoto akiona uchi wa baba hajaona kitu. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya kumsitiri mzazi. Hujafundishwa na mzungu wala na kitabu, umefundishwa na mimi, na umeiuza.

Kwenye simu ulinijibu, "Nyanya, hiyo ni stori tu, sikutaja jina." Pumbavu. Umelelewa na watu wangapi? Unasimama Kisii mjini, mwendo wa saa moja kutoka hapa, unamvua nguo baba yako mbele ya watu usiowajua ni wa nani, kisha unashangaa wakwe wamemjua. Hata mlevi wa mtaroni ana akili kuliko hiyo.

Sasa vijana wa kituo cha kuuzia majani ya chai nao wameiona. Hawamwiti tena Mokua, wanamwita Malengo. "Malengo amefika, mshikieni mshipi." Yeye anaweka kikapu kwenye mizani, anasimama, anangoja kilo zake, anaondoka. Kanisani haendi. Wakwe wameleta neno kwamba watarudi Jumapili ya kwanza ya Desemba, na wakikuta kiti cha baba hakina mtu, basi wataposa kwingine. Mokua amesema hawezi kukaa mbele ya wakwe waliomwona uchi. Nyangate hali, analia tu, na akilia anakulaani. Simkatazi.

Uliniambia kuna kampuni ya bima inataka stori hiyo hiyo mwezi wa kwanza, kwa wafanyakazi wao wote wa pwani, na kwamba ukiiacha utakosa kazi kubwa kuliko zote. Basi ikose. Kama kazi yako haiwezi kusimama mpaka mtu mwingine avuliwe nguo, hiyo si kazi. Ukitaka kichekesho, waambie ulikojoa kitandani mpaka darasa la saba. Mimi ni nyanya yako, nina ruhusa ya kukuambia hayo, na nakupa bure.

Video uifute leo, kabla hujakunja barua hii. Halafu uje kabla ya Jumapili hiyo. Na usije na hotuba. Najua umeshaanza kuipanga kichwani, ile sauti ya kushuka na mikono ya kufungua. Mokua huwezi kumwomba msamaha kwa mdomo, kwa sababu ukiomba utalitaja lile jambo mbele yake, na utakuwa umemvua mara ya pili. Utakuja kimya. Wakwe wakishaketi, utabeba beseni na birika, upige magoti uanze na Mokua, umnawishe mikono mbele yao wote, Ongeri akikutazama. Kisha uwanawishe wao, ukae chini na watoto. Hutasema neno. Wewe unayelipwa kwa kusema, tuone.

Kama Mokua atakubali kukaa kwenye kile kiti, sijui. Sikudanganyi. Lakini usipokuja hatakaa, hilo najua. Na siku nikizikwa, wajukuu watakapoitwa mbele kunisemea, Nyanchoka ameshaagizwa: kipaza sauti usikiguse.

Nyanchoka anakusalimu. Mama yako Roda anakusalimu, anasema ule. Mzee Ombui wa jirani pia, ameuliza lini utamfundisha mkewe kunyamaza. Nyangate hakusalimu. Mokua nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno lolote. Aliendelea kunoa panga. Baadaye sana akauliza kama huko Mombasa umepata mahali pazuri pa kulala.

Mungu akulinde barabarani, na akufunge mdomo mpaka ufike.

Ni mimi nyanya yako, niliyekupenda kabla hujajua kusema,
Nyasani.